Ngazi za Nyumba ya Wambaa

Jabir alikufa asubuhi, anafunga vifungo vya shati ili aende skuli kusomesha. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu mwembamba mwenye afya yake, hajawahi kulazwa hata mara moja. Mkewe, Yumna, alikuwa jikoni anachemsha chai. Alisikia kishindo chumbani akadhani ni mlango wa kabati, ule uliokuwa umelegea bawaba. Alizima jiko kwanza, ndipo akaenda kutazama.

Daktari alisema ni moyo. Hakusema zaidi ya hapo, na Yumna hakuuliza.

Baada ya sala ya alasiri Jabir alikuwa ameshaoshwa na kukafiniwa, na jeneza la msikitini limewekwa katikati ya sebule. Walikuwa wakikaa Machomane, Chake Chake, nyumba ya kupanga, ghorofa ya juu. Yumna aliingizwa kumuaga mumewe. Akamtazama, akaona kuwa ni yeye, kisha wanawake wakamshika mabega wakamrudisha kukaa mkekani karibu na mlango.

Kutoka pale mkekani aliona kila kitu.

Ngazi za nyumba ile zilikuwa za kwenda na kurudi. Unashuka mkono mmoja, unafika kwenye kibaraza cha kugeukia, unageuka unakotoka, unashuka mkono wa pili. Katikati ya mikono miwili mwenye nyumba alijenga ukuta mpaka kwenye dari, na kibaraza kilikuwa chembamba. Wanaume walibeba jeneza wakashuka nalo mkono wa kwanza vizuri, wakiitikia La ilaha illa Llah kwa sauti moja. Walipofika kwenye kibaraza jeneza likakwama.

"Rudini nyuma kidogo," alisema Nyange, mdogo wake Jabir, aliyekuwa mbele. "Rudini. Haya, pinda. Pinda basi!"

Walirudi, wakajaribu tena. Mbao zilikwaruza ukutani, chokaa ikaanguka. Mtu mmoja alisema walitoe kupitia dirishani, mwengine akamwambia anyamaze. Mwisho walilisimamisha. Walilisimamisha jeneza wima, upande wa kichwa juu, na Nyange akaingia chini yake akalikumbatia kwa mikono miwili ili maiti asiteremke ndani. Muda wote huo hakuna aliyeitikia. Zilisikika pumzi za wanaume na viatu vinavyotafuta pa kukanyaga. Kisha wakafika chini, sauti zikaanza upya, zikaenda zikipungua njiani.

Bi Duni, mama yake Jabir, alikuwa amekaa kando ya Yumna. Alimkamata kiganja cha mkono, akamwachia.

Yumna hakulia. Wazo lililomjia lilikuwa: kibaraza kile hakifiki hata mita moja. Lilikuja kama wazo la mtu mwengine aliyekaa ndani ya kichwa chake anapima.

Kupima ndiyo ilikuwa kazi yake. Alikuwa mchoraji wa ramani za majengo kwenye ofisi ndogo ya mtu anayeitwa Fahmi, pale mjini. Alikuwa akichora kwa kompyuta nyumba za watu, vyumba vya kupangisha, madrasa. Sasa alikuwa kizuka, mjane wa kukaa eda. Alivaa kanga nyeupe, hapaki kitu, hatoki nje, na Bi Duni, aliyekuja kutoka kisiwani Fundo, alibaki kukaa naye mpaka eda iishe.

Wanawake waliokuja kumpa pole walimwambia alie. Wengine walilia wao, wakamtazama kwa upembe wa jicho. Yumna aliitikia pole zao, akawamiminia chai, akawauliza habari za watoto wao. Usiku alilala vizuri. Asubuhi aliamka akakaa kitandani, hajui mguu upi uanze kushuka, mpaka Bi Duni akohoe chumba cha pili.

"Utalia siku yako," Bi Duni alimwambia. "Na usipolia pia basi. Mie mwenyewe machozi yangu yalitoka yote kwa baba yake Jabir."

Siku moja Fahmi alipiga simu. Alianza kwa salamu ndefu, akamuulizia mama mkwe, akamuombea marehemu, kisha akanyamaza.

"Sema tu, Fahmi," alisema Yumna.

"Naona haya. Ile nyumba ya Wambaa, ya Bi Kazija. Mafundi wako tayari, na ramani haijesha. Mimi nimejaribu zile ngazi, nimeshindwa. Kila nikizichora zinanipanda kulia wakati nataka kushoto. Mara zinaingia ukutani."

"Niletee laptopu."

"Si vibaya? Na eda?"

"Nitakuwa nimekaa hapa hapa," alisema Yumna.

Nyange ndiye aliyeileta, akaiacha mlangoni. Yumna aliweka meza ndogo chini ya dirisha akaifungua. Nyumba ya Bi Kazija ikatokea kwenye kioo: kuta za kijivu, vyumba vitatu chini, vinne juu, na katikati tundu la mraba ambapo ngazi zilitakiwa ziwe.

Jirani wa chini, Bi Ruweida, alipopanda kuja kuzungumza alisimama mlangoni na kiganja kifuani.

"Yarabi! Kizuka na kompyuta?"

"Kwani hiyo kompyuta mwanamme?" alijibu Bi Duni bila kuinua kichwa kwenye ukili aliokuwa akisuka. "Ingia ukae, chai ipo."

Bi Ruweida alikaa, akanywa chai, na siku ya pili mtaa mzima ulikuwa unajua. Yumna alisikia wanavyosema, na maneno yalipita kama redio ya nyumba ya mbali.

Kuchora ngazi za U hakukuwa kazi ngumu kwake. Unaiambia programu kimo cha ghorofa, kutoka sakafu ya chini mpaka sakafu ya juu. Yenyewe inagawa vidaraja, ili kila kimoja kiwe sawa na mwenzake na mtu asijikwae. Unachagua umbo: za moja kwa moja, za kona, za mviringo, au za kwenda na kurudi kama herufi U. Unabonyeza pale mtu anapoanza kupanda, unavuta mpaka kwenye kibaraza, unabonyeza, unageuka, unarudi. Ukikosea mahali pa kuanzia zinakwenda kinyume, na hilo ndilo lililomtesa Fahmi. Halafu ni lazima ulikate zege la juu upate uwazi, ama sivyo mtu atapanda mpaka agonge kichwa.

Alizichora asubuhi moja. Zilikaa. Alizitazama kutoka juu, kisha kutoka ubavuni, kisha akaigeuza nyumba nzima akawa anaitazama kama amesimama sebuleni. Zilikuwa ngazi nzuri. Kibaraza chake kilikuwa na upana wa kawaida, wa vitabuni, wa kupita mtu na mwenzake, na katikati ya mikono miwili kulikuwa na ukuta.

Akakaa anakitazama kibaraza kile. Chai yake ikapoa.

Kisha akachora sanduku. Hakuamua kulichora, mkono ulikwenda tu. Akalipa urefu kuzidi mtu kidogo, upana wa mabega, na kimo kidogo. Akaliweka sebule ya juu. Akalishika kwa mausi akalisogeza mpaka kwenye ngazi, akalishusha taratibu, akiliinamisha sawa na mteremko. Lilipofika kwenye kibaraza pembe yake ikaingia ndani ya ukuta. Kwenye kompyuta kitu hakikwami, kinapita ukutani kama moshi. Lakini Yumna aliona pembe imepotea ndani ya kijivu, akalirudisha juu.

Akapanua kibaraza kidogo. Akalishusha tena. Pembe iligusa. Akauondoa ukuta wa katikati, akaweka vyuma vya kushikia, vifupi, visivyofika hata kifuani. Akapanua kibaraza tena kidogo. Akalirudisha sanduku juu.

Hakujua Bi Duni alikuwa nyuma yake tangu saa ngapi.

"Hicho nini?"

"Sanduku, mama. Napima kama kitu kirefu kinaweza kushuka."

Bi Duni alivuta kigoda akakaa. Hakuwa mtu wa kompyuta, lakini nyumba iliyokuwa pale kwenye kioo ilikuwa inaonekana wazi, na ngazi zinaonekana ni ngazi. Aliutia mkono kidevuni.

"Lishushe, nione."

Yumna alilishusha. Mkono wa kwanza. Kibaraza. Akaligeuza juu ya vile vyuma, polepole, kichwa kikifuata miguu, mpaka likaelekea upande wa pili bila kugusa kokote. Mkono wa pili. Sebule ya chini. Mlangoni.

"Limepita," alisema Yumna.

"Kapita," alisema Bi Duni.

Nje mtu alikuwa akiuza dagaa, anaita bei. Yumna alingoja kuona kama kitu kitamjia kifuani, hata kidogo. Alihisi ubaridi wa mausi chini ya kiganja, na kwamba mgongo unamuuma kwa kukaa.

"Mrudishe juu," Bi Duni alisema. "Nitazame tena."

Walimshusha tena. Bi Duni alitazama kwa makini kama anayetazama mtu anayevuka barabara. Mara ya tatu hakuomba. Aliinuka, akaenda kukoga, akasali adhuhuri, na sala yake siku ile ilikuwa ndefu.

Yumna alilifuta sanduku, akaihifadhi ramani, akamtumia Fahmi.

Haikupita muda mrefu Bi Kazija mwenyewe akaja. Alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, aliyezalisha nusu ya Wambaa. Yeye na mumewe, Mzee Shaame, walivunja nyumba yao ya zamani ili wajenge ya ghorofa pale pale. Alimpa Yumna pole, akampa Bi Duni pole, akasoma Fatiha, akafungua mkoba akatoa karatasi ya ramani aliyopewa na Fahmi.

"Mwanangu, mie nimekuja kwa taadhima, najua hali yako. Lakini hizi ngazi zimeula ukumbi wangu."

"Zimechukua nafasi kidogo, Bi Kazija."

"Kidogo? Tazama. Hapa nilitaka viti viwili na meza, sasa viko wapi? Nikisoma khitma watu wangu wakae wapi? Mie sijengi skuli, najenga nyumba. Nirudishie ngazi nyembamba kama za watu wengine."

Yumna aliitazama karatasi. Angeweza kumwambia kuwa sheria za ujenzi zinataka hivi au vile, naye angenyamaza. Hakupata nguvu ya kutunga maneno hayo.

"Mwonyeshe," alisema Bi Duni.

"Mama..."

"Mwonyeshe, nnakwambia."

Yumna aliifungua laptopu. Alilichora sanduku upya, wakati huu haraka. Kwanza alivirudisha vipimo vya mwanzo, kibaraza cha kawaida na ukuta wa katikati kama wa nyumba aliyokaa, akalishusha. Pembe ikazama ukutani. Kisha akaweka ngazi zake, akalishusha mpaka mlangoni.

"Sanduku la nini?" aliuliza Bi Kazija. "La nguo?"

Yumna alilirudisha sanduku juu.

"Mwanangu alikwama," Bi Duni alisema. "Hapo nje, ulipopita weye sasa hivi. Walimsimamisha kama gunia."

Uso wa Bi Kazija ulibadilika. Aliitazama kompyuta, akamtazama Yumna, akaanza kukusanya karatasi zake bila kuzikunja vizuri.

"Nyumba yangu haijachimbwa hata msingi, nyie mshanitolea maiti ndani! Mzee Shaame yuko hai, mie niko hai. Hebu niacheni, jamani."

Alijifunga buibui akatoka. Walimsikia anashuka mkono wa kwanza, kisha nyayo zikasimama. Zilisimama kwa muda, hata Bi Duni akanyanyua kichwa kutoka kwenye ukili. Kisha zikaendelea mpaka chini.

"Tumemkera," alisema Yumna.

"Atakuwa sawa. Yeye mkunga. Anajua watu wanaingia vipi na wanatoka vipi."

Bi Kazija alipiga simu baada ya siku chache. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko siku ile.

"Yumna, mwanangu, ngazi ziache vyo hivyo. Chukua nafasi kwenye stoo, stoo yenyewe itajaa takataka tu. Lakini Mzee Shaame usimwambie kwa nini. Akiuliza, mwambie ndio mtindo wa sasa."

"Sawa, Bi Kazija."

"Na uniwie radhi. Na mkweo hapo, mwambie aniwie radhi."

"Nitamwambia."

Aliiweka simu chini. Alidhani atafurahi, au atatulia, au yale machozi yaliyokuwa yakisubiriwa na kila mtu yatafika. Alisogeza ukuta wa stoo, akabadilisha mlango, akaituma ramani. Kazi ikawa imekwisha.

Eda iliisha wakati wa mvua. Wanawake walikuja kumkogesha na kumtoa edani, wakamsomea dua, wakala pilau. Yumna alishuka ngazi za nyumba ile kwa mara ya kwanza tangu alipofiwa. Hakuangalia ukuta. Bi Ruweida alimpaka hina mikononi, akasema imekolea vizuri, na ilikuwa kweli.

Alirudi ofisini. Fahmi alimpa meza yake ile ile na feni mpya, na hakuzungumza sana, jambo ambalo Yumna alimshukuru kimoyomoyo. Siku moja akamchukua mpaka Wambaa kutazama ujenzi. Zege la ghorofa lilikuwa limeshamwagwa na miti ya kuegemeza imeshaondolewa. Fundi mkuu, mtu wa makamo anayeitwa Mwalim, aliwakaribisha na koleo mkononi.

"Ngazi zako hizi, bibie," alimwambia. "Vijana wangu wamezipenda. Wanapandisha mbao ndefu bila kuhangaika."

Yumna alipanda. Vyuma vya kushikia vilikuwa havijawekwa, akawa anapita karibu na ukuta. Alifika kwenye kibaraza akasimama katikati yake, akanyoosha mikono miwili. Zege lilikuwa bado lina unyevunyevu wa mvua ya asubuhi, na mtu alikuwa ameacha chupa ya maji kwenye pembe. Kilikuwa kibaraza kipana, kimenyooka, kimejengwa sawasawa na alivyochora. Hakikumwambia kitu. Akaiokota ile chupa, akashuka nayo.

Chini Bi Kazija alikuwa amewaandalia mihogo ya nazi na changu wa kukaanga. Mzee Shaame alikaa kitini, mzee mfupi mchangamfu, akamuuliza Yumna:

"Mwanangu, kwa nini ngazi pana hivi? Tunaingiza tembo?"

Bi Kazija alikohoa.

"Ndio mtindo wa sasa, mzee," alisema Yumna.

"Alhamdulillahi," alisema Mzee Shaame. "Mie mambo ya kisasa nayapenda."

Njiani kurudi Fahmi alimwambia kuna madrasa ya ghorofa inataka kujengwa Wingwi, ngazi mbili, za wanaume na za wanawake. Akamuuliza kama ataweza.

"Nitaweza," alisema Yumna.

Alipofika nyumbani alimkuta Bi Duni amekunja mkeka wake, mfuko wa nguo umefungwa kamba, na yeye mwenyewe amekaa juu ya kigoda na buibui lake, kama abiria.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Nyumbani Fundo. Nyange anakuja kunichukua anifikishe Wete nipande mashua. Nilikuwa nakungoja weye tu tuagane."

"Nani kakwambia uende?"

"Eda imekwisha, mwanangu. Weye bado kijana. Kesho kutwa watakuja watu na maneno yao ya posa, na mie mama wa marehemu niko hapa nimejaa mlangoni. Si vizuri. Nimekaa nawe kwa sababu ya mwanangu, na kazi yangu imetimia."

Yumna alivua viatu. Akakaa sakafuni mbele ya yule mwanamke, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akatafuta maneno kwa makusudi, moja moja, kama mtu anayetafuta funguo gizani.

"Mama, mie sijui nna nini. Watu wananiuliza kama nna huzuni, siwezi kuwajibu. Nakula, nafanya kazi, nalala. Leo nimesimama Wambaa kwenye kitu nilichokichora mwenyewe, nisihisi kitu. Lakini asubuhi nikiamka nikakusikia unakohoa, ndipo najua pa kuanzia. Ukienda sijui nitaanzia wapi."

Bi Duni alimtazama usoni. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini yalikuwa mekundu kila siku.

"Kikohozi changu ndicho unachokitaka?"

"Ndicho."

"Nyange nshamwita. Yuko njiani."

"Mpigie."

"Simu yangu haina vocha."

Yumna alimpa yake, akambonyezea jina. Bi Duni aliishika mbali na sikio, kama kawaida yake, akapaza sauti hata Bi Ruweida chini lazima alisikia:

"Nyange! Siendi leo. La, sina ugonjwa. Nimesema siendi! Lakini weye njoo hivyo hivyo, na kama kuna pweza huko uniletee, usije mikono mitupu. Hapa kuna watu hawajala."

Akarudisha simu, akaanza kuifungua kamba ya mfuko wake kwa meno. Yumna akaenda jikoni kutazama kama nazi ipo.